DVD na Blu-ray za kutoka nje kukataa kucheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na watu wanaoletewa filamu, tamthilia au video za kifamilia kutoka nchi nyingine, kisha wakaambulia kioo cheusi au maandishi ya kukataliwa. Neno "kanda" huwakumbusha wasomaji wengi mikanda ya VHS. Humu, ukanda ni eneo la dunia lililopewa namba au herufi, na mikanda ya VHS itaitwa kwa jina lake. "Deki" ni mashine ya sebuleni ya kuchezesha diski, na "draivu" ni ile iliyomo ndani ya kompyuta au inayochomekwa pembeni yake.

## Mambo ya msingi

1. Deki yangu ni nzima na diski ni mpya. Kwa nini haichezi?

Kuna sababu tatu tofauti ambazo watu huzichanganya na kuziita zote "kufuli". Ya kwanza ni ukanda: diski imeandikwa namba ya maeneo inamoruhusiwa kuchezwa, na deki imepewa namba ya eneo ilikouzwa, na namba hizo zisipolingana deki hukataa. Ya pili ni mfumo wa picha, yaani PAL au NTSC, ambao hauhusiani na ukanda hata kidogo. Ya tatu ni aina ya diski yenyewe: deki ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray, hata kama vyote viwili vimenunuliwa duka moja.

Dalili ndizo zitakazokuonyesha sababu. Ukiona maandishi yanayotaja "region" sekunde chache baada ya kuingiza diski, tatizo ni ukanda. Picha ikija bila rangi, au ikapanda na kushuka kama pazia linalovutwa, tatizo ni mfumo wa picha. Nenda swali la 10. Deki ikisema hakuna diski, au ikazungusha kwa muda mrefu kisha ikanyamaza, basi ama diski ni ya aina nyingine, ama imekwaruzika, ama ilirekodiwa bila kukamilishwa, jambo linaloelezwa katika swali la 11.

2. Kanda hizi ziliwekwa na nani, na kwa nini?

Ziliwekwa tangu mwanzo wa DVD yenyewe. Deki za kwanza ziliuzwa Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani mwaka 1997, na kampuni kubwa za filamu zilikubali kutoa filamu zao katika diski hizo kwa masharti, mojawapo likiwa ni kuigawa dunia katika maeneo.

Sababu ilikuwa ya kibiashara. Wakati huo filamu ilisafirishwa kwenye majumba ya sinema ikiwa katika mapipa ya filamu halisi, na nakala hizo zilikuwa ghali, kwa hiyo filamu ilioneshwa kwanza Marekani, kisha nakala zilezile zikapelekwa Ulaya na kwingineko baada ya miezi kadhaa. Diski ya Marekani iliweza kuwa dukani wakati filamu bado haijafika kwenye majumba ya sinema ya London, na wenye majumba hayo hawakutaka kushindana na sebule. Isitoshe, haki za kusambaza filamu huuzwa nchi kwa nchi, na bei hutofautiana kulingana na uwezo wa wanunuzi. Kufuli lilizuia diski ya bei nafuu ya upande mmoja kwenda kuharibu soko la upande mwingine. Hizi sababu zimepungua nguvu tangu sinema zilipohamia mfumo wa dijitali na filamu zikaanza kutoka karibu siku moja dunia nzima, lakini kufuli limebaki.

3. Afrika Mashariki iko katika ukanda gani wa DVD?

Ukanda wa 5. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo humo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India, Pakistan, Urusi na nchi nyingine zilizokuwa katika Muungano wa Kisovieti.

Linalowashangaza wengi ni kwamba Afrika si ukanda mmoja. Afrika Kusini, Lesotho, Eswatini na Misri zimewekwa katika Ukanda wa 2, pamoja na Ulaya Magharibi, Japani na Mashariki ya Kati, zikiwemo Oman na Falme za Kiarabu. Kwa hiyo diski halisi iliyonunuliwa Johannesburg, Dubai au Muscat ina namba ileile ya diski ya London, na si namba ya diski iliyotengenezwa kwa soko la Nairobi au Dar es Salaam. Marekani na Kanada ni Ukanda wa 1. Asia ya Kusini-Mashariki, Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong ni Ukanda wa 3. Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini ni Ukanda wa 4. China peke yake ni Ukanda wa 6. Namba 7 na 8 zinaelezwa katika swali la 22.

Blu-ray ina mgawanyo wake mwingine kabisa, ulioelezwa katika swali la 15.

4. Nitajuaje ukanda wa diski kabla sijainunua?

Tazama nyuma ya kasha, sehemu ya chini: kwa kawaida kuna picha ndogo ya dunia yenye namba ndani yake. Namba inaweza kuwa moja, au zaidi ya moja, kwa mfano 2 na 5, maana diski moja inaweza kuruhusiwa katika maeneo mengi kwa pamoja. Ukiona neno "ALL" au sifuri, diski haina kufuli na itachezwa na deki yoyote, ilimradi mfumo wa picha unakubalika. Diski nyingi za filamu za Kihindi hutolewa hivyo.

Kasha hata hivyo si diski. Namba inayohesabika ni ile iliyomo ndani, katika faili dogo linalosomwa kwanza na deki. Humo kuna biti nane (alama ndogo za kuwashwa au kuzimwa), moja kwa kila ukanda, na kila biti iliyowashwa maana yake ni "hapa hapana". Diski isiyo na kufuli ina biti zote zilizozimwa. Kuna diski zilizochapwa namba moja kwenye kasha ilhali ndani hazina kizuizi chochote, na ndiyo sababu inafaa kujaribu kwanza kabla ya kuirudisha diski ilikotoka.

5. Je, VCD, mikanda ya VHS na CD za muziki zina kufuli la ukanda?

Hapana, hakuna hata moja yenye kufuli hilo. VCD, ambazo ndizo zilizobeba filamu za Kibongo na nyimbo za taarabu kwa miaka mingi, hazikuwahi kuwekewa namba ya ukanda wala ulinzi wa siri kama wa DVD. VHS nayo haikuwa na namba, ila ilikuwa na tatizo la mifumo ya picha, na mtu aliyewahi kuletewa mkanda kutoka Marekani anakumbuka jinsi picha ilivyokuja imechanika. CD ya muziki inacheza popote.

## Deki ya sebuleni

6. Nitajuaje kama deki yangu imefungwa?

Njia ya uhakika ni kuijaribu kwa diski halisi ya ukanda mwingine, tuseme ya Marekani. Usiijaribu kwa diski iliyonakiliwa, kwa sababu nakala nyingi hazina namba ya ukanda na zitakudanganya kwamba deki iko wazi.

Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi huja zikiwa wazi tangu kiwandani au huwa zimeshafunguliwa kabla ya kufika dukani, na wauzaji huziita "multi-region". Deki za majina makubwa zilizonunuliwa Ulaya, Marekani au Ghuba ndizo zinazofungwa kwa uangalifu. Angalia pia mgongoni au chini ya deki: zile zilizofungwa mara nyingi zimechapwa picha ya dunia yenye namba moja, sawa na ile ya kwenye kasha la diski.

7. Fundi ameniambia kuna namba za kubonyeza kwenye rimoti ili deki ifunguke. Ni kweli?

Mara nyingi ni kweli. Viwanda vingi hutengeneza deki moja kwa ajili ya dunia nzima, kisha huipa namba ya ukanda katika hatua ya mwisho kupitia ukurasa wa siri uliomo katika programu ya ndani ya deki. Ukurasa huo hubaki humo. Kwa kawaida hufunguliwa kwa kutoa sinia ya diski au kuingia kwenye mipangilio, kisha kubonyeza mfuatano wa vitufe, na hapo huonekana namba ya ukanda inayoweza kubadilishwa kuwa nyingine au kuwa sifuri.

Mfuatano huo hutofautiana kwa kila toleo la deki, hata kwa kampuni ileile moja, hivyo tafuta kwa namba kamili ya toleo iliyoandikwa kwenye kijibati cha nyuma. Baadhi ya deki hazina ukurasa huo na huhitaji programu ya ndani ibadilishwe kwa diski maalumu au kwa flashi; hapo kosa dogo au umeme kukatika katikati ya kazi huweza kuiacha deki ikiwa haiwaki tena. Kwa bei za deki za DVD zilivyo leo, binafsi naona ni busara kununua ya pili iliyo wazi kuliko kuihatarisha iliyopo.

8. Deki yangu imewekwa sifuri, na inacheza diski za kila nchi isipokuwa baadhi za Marekani. Tatizo ni nini?

Tatizo ni hilo sifuri lenyewe. Kampuni za filamu zilipoona kwamba deki zilizofunguliwa zimeenea, baadhi yao zilianza mwaka 2000 kuongeza ukaguzi wa pili ndani ya diski za Ukanda wa 1. Katika utaratibu wa kawaida ni deki inayoisoma diski na kuamua. Katika utaratibu huu wa pili, diski nayo huiuliza deki: wewe ni wa ukanda gani? Deki ya kweli ya Marekani hujibu "wa 1". Deki iliyowekwa sifuri hujibu kwamba ni ya kanda zote, diski ikajua kwamba inachezewa shere, na kwenye kioo ikatokea ramani ya dunia na maneno ya kukueleza kwamba mashine yako imebadilishwa.

Dawa yake ni kurudi katika ukurasa ulioelezwa katika swali la 7 na kuchagua 1 badala ya 0 kabla ya kuingiza diski hiyo. Ukimaliza kuitazama, rudisha ilivyokuwa. Kuna deki zinazobadilisha namba zenyewe kulingana na diski iliyoingizwa, na hizo hupita bila shida.

9. Ndugu yangu anarudi kutoka Marekani na deki yake. Nikiwa nayo, si nitacheza diski zake zote?

Kwa upande wa ukanda, ndiyo: deki ya Ukanda wa 1 itacheza diski za Ukanda wa 1. Lakini kabla ya jambo lolote soma kijibati cha umeme. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230 na wa Kenya ni 240. Kama kijibati kinasema "100–240V", unahitaji plagi ya kubadilishia tu. Kikisema "120V" peke yake, ukiichomeka ukutani moja kwa moja itaungua mara moja, na hakuna fundi wa kufuli atakayekusaidia. Italazimu kupata transfoma ya kushusha umeme. Deki kubwa za zamani ndizo zenye hatari zaidi.

Jambo la pili ni kwamba deki hiyo huenda isicheze diski za huku, kwa sababu mbili kwa pamoja: ukanda, na mfumo wa picha unaozungumziwa katika swali linalofuata.

## Picha isiyo na rangi, PAL na NTSC

10. Diski inacheza na sauti inasikika, lakini picha haina rangi au inaruka. Hili nalo ni kufuli?

Hapana. Hapa hakuna aliyekufungia kitu. Hii ni mifumo miwili ya zamani ya televisheni ambayo haikuwahi kupatana. Afrika Mashariki, Uingereza, Ghuba, India na China zinatumia picha 25 kwa sekunde zenye mistari 576, na diski zake huitwa za PAL. Marekani, Kanada, Japani na Korea Kusini zinatumia takriban picha 30 kwa sekunde zenye mistari 480, na diski zake huitwa za NTSC. Ufaransa ilikuwa na mfumo wake wa tatu wa kurusha matangazo, lakini diski zake za DVD hutengenezwa kama za PAL, kwa hiyo hazileti shida mpya.

Angalia jinsi mgawanyo huu unavyopishana na ule wa kanda. Japani na Uingereza zote ni Ukanda wa 2, lakini moja ni NTSC na nyingine PAL. Diski inaweza kuwa na namba inayokubalika na bado picha ikakataa, au kinyume chake.

Kwa bahati nzuri, sisi tuko upande wenye nafuu. Deki na televisheni nyingi zilizotengenezwa kwa nchi za PAL zinaelewa na NTSC. Kama picha haina rangi, ingia katika mipangilio ya deki, tafuta sehemu ya "TV system" au "TV type", na uchague "Auto" au "Multi", au ulazimishe PAL. Tatizo hili huonekana zaidi pale deki inapounganishwa kwa waya wa manjano. Ukiwa na waya wa HDMI suala la rangi hutoweka. Walio na taabu ni wakaazi wa Amerika Kaskazini, ambako deki nyingi hazijui PAL kabisa.

11. Tulirekodi harusi Mombasa tukatuma DVD kwa ndugu walioko Minnesota na Toronto. Hazichezi, wakati kwa ndugu wa Muscat zinacheza. Mpiga video ameweka kufuli?

Mpiga video hana kosa la kufuli, na kwa kawaida hata akitaka hawezi. DVD zinazorekodiwa kwenye diski tupu za DVD-R hazibebi ulinzi wa siri wa diski za kiwandani, na programu za kawaida za kutengenezea DVD huziacha bila ukanda wowote. Kilichowakwamisha ndugu wa Amerika ni PAL: kamera na kompyuta za huku zimepangwa kwa picha 25 kwa sekunde, na Oman ni nchi ya PAL kama sisi, ndiyo maana Muscat hakuna malalamiko. Hili pengine ndilo swali lenye uchungu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu filamu inaweza kununuliwa tena, lakini harusi haifungwi mara mbili ili kamera ipangwe upya.

Kama kazi bado iko kwa mpiga video, mwombe atengeneze nakala nyingine ya NTSC kwa ajili ya ndugu wa Marekani na Kanada. Ubora utapungua kidogo katika mwendo wa haraka, kwa mfano watu wanapocheza, kwa sababu picha 25 zinanyooshwa kufikia karibu 30, lakini itatazamika. Njia iliyo bora zaidi ni kumwomba faili lenyewe la MP4 likiwa kwenye flashi au diski kuu ya nje, kwa sababu kompyuta na televisheni za kisasa zinazosoma flashi hazina ugomvi mkubwa na idadi ya picha kwa sekunde. Ndugu akiwa na hiyo DVD tayari, aiweke kwenye kompyuta badala ya deki, na huenda akaitazama siku hiyohiyo.

Kama DVD inakataa kila mahali isipokuwa kwenye mashine iliyoirekodi, basi haikukamilishwa, yaani mashine haikuandika sehemu ya mwisho inayoiambia deki nyingine yaliyomo yameishia wapi. Katika mashine za kurekodia hatua hiyo huitwa "finalize", na inaweza kufanywa hata baada ya miaka ikiwa mashine ya aina ileile ipo.

12. Kwa nini filamu ileile ni fupi kwenye diski ya Uingereza kuliko ya Marekani? Imekatwa?

Si lazima iwe imekatwa. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kwenye DVD ya PAL huharakishwa kuwa 25, sawa na asilimia 4. Filamu ya dakika 100 huisha kwa dakika 96, na sauti hupanda kidogo isipokuwa imerekebishwa.

## Kompyuta

13. Kompyuta inasema nimebakiwa na mabadiliko mawili tu ya ukanda. Yakiisha itakuwaje?

Draivu itabaki milele katika ukanda wa mwisho uliouchagua. Draivu zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zinatunza namba ya ukanda ndani yake zenyewe, na zinaruhusu ibadilishwe mara tano tu. Hesabu haimo katika Windows wala katika Mac, kwa hiyo kufuta na kuweka mfumo upya hakurudishi chochote, na kuihamishia draivu kwenye kompyuta nyingine hakusaidii.

Katika Windows unaweza kuona hali ilivyo kwa kufungua Device Manager, kuchagua draivu, na kutazama ukurasa wa "DVD Region". Ushauri ni kuamua mapema. Diski nyingi ulizo nazo zikiwa za London na Dubai, weka 2 na uache hapo. Mtu mwenye diski nyingi za Marekani na nyingi za Ulaya afanye lililo rahisi: anunue draivu ya pili ya kuchomeka kwa USB, moja abaki nayo katika 1 na nyingine katika 2. Nimeona watu wakibadilisha kila wiki kwa ajili ya filamu moja moja hadi wakafungiwa nje ya nusu ya kabati lao.

14. Nasikia VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, inacheza kila kitu bila kujali ukanda. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi. VLC haijali namba ya ukanda, na hutumia maktaba ya programu iitwayo libdvdcss kutafuta funguo za diski kwa njia yake yenyewe. Hata hivyo baadhi ya draivu hukataa kutoa data ya diski ya ukanda mwingine, na hapo programu yoyote hugonga mwamba. Ukiona VLC inaonyesha miraba ya rangi iliyovurugika au inachukua muda mrefu mno kuanza, kizuizi kiko kwenye draivu.

Ulinzi wenyewe wa DVD ulivunjwa zamani. Mwaka 1999 ilisambaa programu ya DeCSS, na kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, akashtakiwa kwa sababu yake. Mahakama za nchi yake zilimwachia huru mwaka 2003.

## Blu-ray, 4K na mashine za michezo

15. Blu-ray ina kanda zipi?

Tatu tu, zenye herufi. A ni Amerika zote mbili, Japani, Korea, Taiwan, Hong Kong na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. C ni China, Urusi, India na nchi za Asia ya Kati.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki haya ni mabadiliko makubwa: London, Johannesburg, Dubai na Dar es Salaam ambazo katika DVD ziligawanywa, katika Blu-ray ziko pamoja. India ndiyo iliyotoka. Diski yake ya DVD inalingana na yetu, ila Blu-ray yake ni ya C. Pia kampuni kadhaa hutoa Blu-ray nyingi bila kizuizi chochote, kwa hiyo herufi ya kasha isikukatishe tamaa kabla hujajaribu.

16. Deki yangu ya Blu-ray ilifunguliwa kwa rimoti na sasa inacheza DVD zote, lakini Blu-ray za Marekani bado zinakataa. Kwa nini?

Kwa sababu ni makufuli mawili. Deki ya Blu-ray hutunza namba ya DVD mahali pamoja na herufi ya Blu-ray mahali pengine. Zaidi ya hapo, ukaguzi wa Blu-ray hufanywa na programu iliyomo ndani ya diski, ambayo husoma herufi ya deki na kuamua iendelee au isimame, kama ilivyo kwa diski zilizoelezwa katika swali la 8. Kwa hiyo hakuna "sifuri" ya kuidanganya. Deki inapaswa kujibu A, B au C. Deki chache huruhusu herufi ibadilishwe kwa rimoti, na nyingine huhitaji kibao kidogo cha umeme kiongezwe ndani na fundi. Ukinunua deki iliyoandikwa "multi-region", muulize muuzaji kama ni kwa DVD tu au na kwa Blu-ray, maana mara nyingi ni DVD tu.

17. Na diski za 4K?

Hazina kanda. Diski ya Ultra HD Blu-ray ya Marekani itachezwa na deki ya 4K iliyonunuliwa popote. Angalizo ni kwamba kasha la 4K mara nyingi huwa na diski ya pili ya Blu-ray ya kawaida yenye filamu ileile au nyongeza zake, na hiyo ya pili inaweza kuwa imefungwa.

18. PlayStation yangu inacheza michezo ya nchi yoyote. Mbona filamu inakataa?

Michezo ya PS4 na PS5 haikufungwa kwa kanda, lakini mashine hizo zikicheza filamu hufuata sheria za DVD na Blu-ray za eneo zilikouzwa. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni ya Ukanda wa 1 na A, na hubaki hivyo hata ukitumia akaunti ya nchi nyingine.

## Sheria, nakala za mtaani na maswali ya pembeni

19. Ni kosa la jinai kutumia deki iliyofunguliwa?

Nchi hazikubaliani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja ulinzi wa kielektroniki unaolinda kazi zenye hakimiliki, na hapo ndipo programu za kufungulia diski huingia matatani. Australia na New Zealand zilielekea upande mwingine: zilipotengeneza sheria zao za ulinzi wa kidijitali, ziliondoa waziwazi ulinzi ambao kazi yake ni kugawa masoko kijiografia, kwa hoja kwamba mtu aliyelipia diski halali ng'ambo hajaiba kitu. Nchini Uingereza deki za kanda zote zimeuzwa hadharani kwa miaka mingi.

Tofautisha mambo mawili. Kutazama nyumbani diski halisi uliyoilipia ni jambo moja; kuinakili na kuiuza, au kuionesha kwa kiingilio katika kibanda cha video, ni jambo jingine linaloguswa na sheria za hakimiliki hata kama diski ni ya ukanda wa nchi yako.

20. Diski ya mtaani yenye filamu kumi inacheza kwenye kila deki, lakini ile halisi niliyoinunua kwa bei kubwa inakataa. Haki iko wapi?

Anayenakili huondoa ulinzi na namba ya ukanda kabla ya kurudufu, kwa hiyo nakala yake haina cha kukagua. Filamu kumi hubanwa katika nafasi iliyokusudiwa filamu moja, na ndiyo maana nyuso huonekana kama zimepakwa uji, ila haikatai popote. Kufuli la ukanda halimgusi mwizi. Linamgusa aliyepanga foleni, akalipa, na akabeba diski katika begi la ndege. Nimelijibu swali hili mara nyingi kuliko mengine, na sijawahi kupata jibu la kuwatetea waliolibuni.

21. Stempu ya TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania) au stika ya KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) iliyobandikwa kwenye kasha inahusiana na ukanda?

Haihusiani. Ile ya Tanzania ni ya ushuru na ile ya Kenya ni ya kuthibitisha kwamba nakala ni halali. Hakuna deki inayosoma karatasi ya kwenye kasha.

22. Namba 7 na 8 ni za nani?

Ukanda wa 8 ni wa maeneo ya kimataifa, kama ndege na meli za abiria. Ukanda wa 7 uliachwa bila nchi, na umetumika kwenye nakala zinazotolewa kwa wahusika wa filamu kabla ya kuuzwa. Diski za namba hizi hazipatikani madukani, na ukiuziwa moja, jiulize ilitokaje ilikotoka.

23. Nikiacha diski na kulipia filamu kwenye intaneti, si nitaepukana na haya yote?

Utaepukana na namba, lakini si na mgawanyo. Huduma za filamu hutazama anwani ya intaneti unayotumia na kukuonyesha orodha ya nchi uliyopo, kwa sababu haki bado huuzwa nchi kwa nchi kama ilivyoelezwa katika swali la 2. Tamthilia uliyoianza ukiwa Doha inaweza isionekane ukitua Dar es Salaam. Diski iliyofungwa ina afadhali moja: ukishapata deki inayoikubali, hakuna atakayeiondoa kabatini mkataba wa mtu mwingine ukiisha.